Maji ya Kibamba na Jumla Iliyopungua

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa la mdomo. Nilisimama mbele ya kamati ya maji ya mtaa mmoja wa Kibamba, laptop mkononi na jasho mgongoni, nikaulizwa kama mashine yetu inaweza kukosea. Nikajibu: "Mashine haiwezi kukosea kujumlisha." Sentensi hiyo ilimwondoa mtu kazini. Nyie mnaobaki karakana mliniomba niandike niliyojifunza kwa miaka minane, na nimejaribu mara nne kuanza na jambo lenye heshima zaidi. Nimeshindwa. Nimefuta kurasa hizo zote, na huyo ndiye mimi mnayemjua.

Kwanza niseme kuhusu neno "mstaafu" mlilonipa siku ya kuniaga. Nina miaka thelathini na mmoja. Naenda kufundisha hesabu, mikono yangu haijaanza kutetemeka, na wastaafu wa kweli wakisikia watanicheka. Lakini nimelipenda neno lenyewe, kwa sababu linaniruhusu kusema mambo ambayo mfanyakazi hasemi.

Nilifika Keko nikitokea Mbagala, asubuhi, na shati nililolipiga pasi mara mbili. Karakana yetu ya mashine za maji ilikuwa palepale ilipo sasa, katikati ya mafundi wawili wa samani, na vumbi la mbao lilikuwa linaingia kila mahali kama leo. Mwalimu Ngowi alikuwa anapuliza ubao wa saketi kwa pampu ya baiskeli. Nilidhani ni umaskini wa vifaa. Baadaye nilijua kuwa pampu ile imeokoa kazi nyingi kuliko kifaa chochote chenye taa. Vumbi la mti likinyonya unyevu linapitisha umeme kidogo, na kidogo hicho kinatosha kukupotezea wiki.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Cheti?"

Sikuwa nacho. Programu nilijifunza mwenyewe, kwanza kwenye simu iliyopasuka kioo, halafu kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa. Nilikuwa nimeandaa uongo mrefu kuhusu chuo kilichochelewesha vyeti. Mwalimu hakuusubiri. Miaka ishirini ya kufundisha fizikia sekondari ilikuwa imemchosha na hadithi za namna hiyo. Alinipa ubao wa saketi, akasema, "Tafuta tatizo."

Nilitafuta kwa saa tatu. Nilipima kila kitu kwa mita ya umeme. Mwishowe nikamwambia kuna kapasita moja imechoka.

"Huo ubao ni mzima," alisema. "Nilitaka kuona kama utabuni ugonjwa."

Aliniajiri hata hivyo. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa ya darasani: jaribu kimoja kimoja. Ukijaribu vitu viwili kwa pamoja, kikishindikana hujui kipi cha kulaumu. Kwetu Keko kanuni hiyo ilisaidiwa na hali halisi. Maji yanatoka kwa mgao, tulikuwa na pipa moja na mpira mmoja. Kwa hiyo mita ya maji ya kwanza ilijaribiwa, ikaondolewa, ikafuata ya pili. Niliipenda kanuni hiyo kupita kiasi. Mtu mwenye wasiwasi ukimpa utaratibu, anaushika kama kamba kisimani. Mwalimu alikuwa anajaribu kila mita mara tano. Mimi mara mia moja.

Sasa niwaeleze mashine ya Kibamba, kwa sababu wengine mlikuta imeshabadilishwa. Mtaa ule ulikuwa na visima vinne virefu, kila kimoja na pampu yake. Mabomba manne yanaingiza maji kwenye tangi moja la lita elfu tano, na wananchi wanachota hapo. Kila bomba lina mita. Mashine yetu ilijumlisha maji ya mabomba yote, na kulingana na jumla hiyo ilidondosha klorini tangini. Jumla ikiwa sahihi, dawa inatosha. Jumla ikipungua, watu wanakunywa maji ambayo hayajatibiwa sawasawa.

Ndani ya mashine kulikuwa na chip yenye viini viwili, yaani inaweza kufanya kazi mbili kwa wakati uleule. Kila bomba nililiwekea kibarua wake. Kibarua ni kipande cha programu kinachojitegemea: anasoma mita yake, anaongeza kiasi kwenye jumla ya pamoja. Wote wanne waliamshwa na kengele moja, kila nusu sekunde. Bomba likiwa kavu, kibarua wake haongezi kitu. Jumla yenyewe ilikuwa namba ya desimali, kwa sababu nilitaka lita na sehemu zake zote, hata tone lisinipotee. Na kwa kuwa vibarua wawili wanaweza kuigusa jumla kwa wakati mmoja, nilitumia kujumlisha kwa atomiki, yaani kitendo ambacho mwingine haruhusiwi kukiingilia katikati. Nilijivunia sana mstari huo. Niliupigia picha nikaituma kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi. Akajibu, "Hongera, ni nini?"

Msimamizi wa maji alikuwa Bi Zuhura, mama wa makamo, wa ukoo wa wenye maduka wa zamani. Kazi yake ilikuwa kuwasha pampu, kukoroga unga wa klorini kwenye ndoo ya mashine kwa kipimo tulichompa, na kupima maji kwa kidonge kila asubuhi. Maji yenye dawa ya kutosha yanageuka rangi ya waridi. Mwezi wa pili baada ya kufunga mashine alinipigia simu.

"Fundi, waridi imefifia."

"Labda vidonge vimepata joto, mama."

"Vidonge naviweka kwenye mtungi. Imefifia, nakwambia. Na inafifia zaidi siku foleni ikiwa ndefu."

Hapa nataka msome polepole, kwa sababu jibu lote lilikuwa ndani ya sentensi hiyo na mimi nikalipita. Nilichosikia ni kwamba siku za watu wengi mama anaharakisha, anakosea kipimo cha unga. Nilimwambia akoroge kwa utulivu. Alikata simu.

Watoto kadhaa mtaani wakaharisha. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa ni maji, lakini kamati iliita kikao, na kwa kuwa mashine ilionyesha dawa imedondoshwa sawasawa kulingana na maji, alibaki mtu mmoja tu wa kutiliwa shaka. Ikasemwa kwamba anakoroga unga pungufu na mwingine anapeleka nyumbani. Ndipo nikaulizwa lile swali, ndipo nikajibu nilivyojibu.

Bi Zuhura alisimama. "Jana nimejaza tangi mara mbili, nimeliona kwa macho yangu likifurika. Hiyo mashine imesema mara moja na nusu. Nusu tangi imekwenda wapi, fundi?"

Nikasema labda tangi la kwanza halikujaa.

"Mie nimekwambia limefurika."

Mwenyekiti wa kamati, mtumishi mstaafu wa posta aliyependa mambo yaishe mapema, akasema asante mama, tumekusikia. Bi Zuhura alisimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Nikiri kitu ambacho sijawahi kukisema karakana. Kwenye daladala la kurudi nilikuwa na hakika kwamba kosa ni langu. Mtu asiye na cheti siku zote anajua kosa ni lake. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niseme kwa sauti kwamba mashine ni salama. Ningesema "sijui" wangeniuliza nimesomea wapi.

Kamati iliweka mama mwingine, mwangalifu, anayekoroga mbele ya mashahidi wawili. Wiki mbili baadaye mwenyekiti akanipigia: rangi imefifia tena. Nilimwambia nitakuja. Nilikaa chooni karakana kama robo saa hivi, halafu nikaanza kutafuta.

Hapo sasa nilichanganyikiwa kweli. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari, mara nyingi mpaka nikaanza kuona makosa ya tahajia kwenye maelezo. Nilibadilisha mita. Nilibadilisha nyaya. Nilijaribu bomba moja moja, mara mia, na kila mara jumla ilikuwa sahihi hadi kijiko. Nikaenda Kibamba, jumla ikapungua mbele ya macho yangu. Nikaweka mistari ya kuchapisha, ili kila kibarua aandike kwenye skrini alichoongeza. Jumla ikawa sahihi siku nzima. Nikaiondoa. Ikapungua. Nikairudisha. Sahihi.

"Kwa hiyo ikiongea inapona?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ikinyamaza inaumwa."

"Ndiyo."

"Mimi nimefundisha watoto wa namna hiyo," alisema, akarudi kulehemu.

Niliiacha mashine ikiongea siku tatu bila kumwambia mtu kwamba sijui kwa nini inafanya kazi. Nilitamani niiache hivyo milele. Mwalimu aligundua, akaniambia nikaiondoe mistari ile mwenyewe, na nikirudi nimweleze kwa nini ilikuwa inapona. Nikamwambia siwezi. Akasema basi nimuulize mtu aliyekuwa anaiona kila siku.

Nilijua anamsema nani. Nilikwenda nyumbani kwa Bi Zuhura mchana. Alikuwa uani anakaanga visheti kwa ajili ya kuuza. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini hakunionyesha pa kukaa.

"Umekuja kunikagua unga?"

"Hapana mama. Nimekuja kukuuliza. Mashine inapunguza hata sasa."

Alivitoa visheti kwenye mafuta, vyote, kabla ya kunijibu.

"Siku ya foleni ndefu mimi nilikuwa nawasha pampu ngapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Zote nne. Siku ya watu wachache?"

"Moja?"

"Moja, mbili. Na nyie huko kwenu Keko, mnaijaribu kwa pampu ngapi?"

Nakumbuka mafuta yalikuwa bado yanatoa sauti ingawa hayakuwa na kitu ndani.

"Nenda zako, fundi," alisema. "Visheti vyangu vinapoa."

Kesho yake niliomba ndoo nne kwa mafundi wa samani. Shomari, fundi wa vitanda wa jirani, alikubali kwa sharti la kuwepo, kwa sababu aliwahi kukopesha randa akarudishiwa mpini. Tulifunga mita nne kwenye mashine ya akiba, kila moja na mpira na faneli. Mimi, Mwalimu, Shomari na mwenzake tukapanda juu ya viti ambavyo havijapigwa vanishi, kila mtu na ndoo ya lita kumi.

"Tukimwaga tunasema nini?" Shomari aliuliza. "Bismillahi au moja mbili tatu?"

"Mwaga tu," Mwalimu alisema.

Tulimwaga lita arobaini. Mashine ikasoma thelathini na moja na pointi.

"Mwalimu, hii kitu yenu inakunywa," alisema Shomari.

Tulimwaga tena na tena, maji tukiyakinga chini kwenye karai, tukiyarudisha ndoo. Kila mara jumla ilipungua, na kila mara kwa kiasi tofauti. Nikiweka kuchapisha, arobaini. Nikibadilisha desimali kuwa namba nzima, arobaini. Nikiiambia kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za chip, isijaribu kuharakisha mambo, arobaini. Desimali, mwendo wa kasi na vibarua wengi vikikutana, ndipo maji yanapotea. Nilikuwa nimelowa hadi magotini na sikuelewa kitu.

Ilinichukua siku mbili kusoma amri zenyewe za chip, lugha ambayo nilikuwa naitambua kwa shida. Niwaeleze nilivyomweleza Shomari, maana alikataa kuondoka bila kuambiwa maji yake yamekwenda wapi. Kwake kulikuwa na kipande cha plaiwudi ambapo kila fundi akimaliza kukwangua miguu ya vitanda anafuta namba kwa chaki na kuandika jumla mpya.

"Chukulia ubao unasema ishirini," nilimwambia. "Wewe umemaliza mitatu. Unasoma ishirini, unapiga hesabu kichwani, ishirini na tatu. Kabla hujaandika unaangalia tena: bado ni ishirini? Kama ndiyo, unaandika."

"Sawa."

"Sasa umeangalia, mwenzako ameshaweka yake mitano. Ubao unasema ishirini na tano. Ufanyeje?"

"Napiga upya. Ishirini na nane."

"Kibarua wangu anaangalia, anaona ishirini na tano, anakubali kwamba imebadilika. Halafu anaandika ishirini na tatu."

"Yaani kaambiwa, kakubali, na bado kaandika ya kwake ya mwanzo?"

"Ndiyo."

"Huyo hana ujinga. Huyo ana kiburi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kompaila, katika kutaka kasi, ilikuwa imetoa hesabu ya kujumlisha nje ya mzunguko wa kurudia. Ilisoma jumla mpya ili kulinganisha, lakini jibu la kuandika lilikuwa limeshapigwa zamani na halikupigwa tena. Kwa namba nzima chip ilitumia njia nyingine, iliyo sahihi. Na kuchapisha kulimchelewesha kila kibarua kidogo, wakawa hawakutani ubaoni. Ndiyo maana ikiongea inapona.

Sikuamini. Kompaila inaandikwa na watu waliosoma, na mimi nilisoma kwenye simu iliyopasuka. Nilimwambia Mwalimu kuna kitu sijakiona. Akanituma niandike programu fupi kuliko zote inayoweza kuonyesha kosa hilo. Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Niliwatumia wanaoitunza kompaila ile, na barua yangu ilianza kwa kuomba radhi mara mbili. Baada ya siku chache mmoja wao alijibu kwa mistari miwili: ni kosa letu, toleo jipya limesharekebishwa. Sisi tulikuwa tumebaki na toleo la zamani kwa sababu mimi niliogopa kubadilisha kitu kinachofanya kazi.

Nililisoma jibu lile labda mara ishirini. Nilitarajia furaha. Ilikuja, ikakaa kidogo, kisha nikakumbuka visheti.

Nilirudi kwenye kamati na Mwalimu. Nilieleza kwa ndoo na chaki. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Kwa hiyo fundi, kosa halikuwa lako."

Nawaambia ukweli, mdomo wangu ulifunguka ili useme ndiyo. Mwalimu Ngowi alinitangulia.

"Kompaila haikuja hapa kikaoni kusema," alisema. "Aliyekuja ni huyu."

Nikasema kwamba Bi Zuhura aliniambia mara mbili, kwa simu na mbele yao, na kwamba nilimkatalia bila kupima alichosema. Kamati ikaamua kumrudisha. Wakamwita. Alikuja na buibui lake jeusi, akasikiliza, akasema hatarudi.

"Nyie mmenisafisha humu ndani, watu sita," alisema. "Mwizi wa dawa nimeitwa bombani, na watu mia. Huyu akaseme kule."

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya foleni. Sikuwa na hotuba; niliiandika, nikaichana. Nilisema mimi ndiye niliyetengeneza mashine, ilikuwa inahesabu pungufu, Bi Zuhura alikoroga dawa kwa kipimo kamili siku zote, na nilipoulizwa nilisema lisilo kweli kwa kuogopa. Mama mmoja mwenye ndoo mbili akauliza, "Kwa hiyo sie miezi hiyo tulikunywa nini?"

"Maji yenye dawa pungufu, mama."

"Na wewe unasema tu hivyo?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo yalivyokuwa."

Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka nikiwa napiga mswaki. Nyuma yake mtu akasema angalau kasema, mwingine akasema angekuwa mwanangu ningemzaba. Bi Zuhura alipita katikati yao, akachukua funguo kwa mama aliyekuwa zamu, akawasha pampu zote nne.

Miaka iliyofuata nilifunga mashine nyingi, na nyingine zilinipa taabu zaidi kuliko hiyo. Sitaziandika. Mkizihitaji ziko kwenye jalada, na mwandiko wangu mnaujua.

Yaliyobadilika tangu wakati huo ni haya. Mashine zetu zinahesabu mililita kwa namba nzima. Karakana ina mapipa manne, na hakuna mita inayotoka Keko kabla haijamwagiwa maji pamoja na nyingine tatu. Kompaila inabadilishwa kila toleo jipya likitoka, na majaribio yanarudiwa yote. Pale Kibamba, msimamizi akisema namba si kweli, mashine inazimwa na dawa inapimwa kwa mkono mpaka fundi afike. Hiyo ni sheria ya kamati, na aliyeiandika ni katibu wake wa sasa, Bi Zuhura.